Okidi Isiyotoa Maua: Mwongozo Kamili wa Kuifanya Ichanue Tena Ndani ya Nyumba

Okidi ikiletwa nyumbani ikiwa na maua, maua hayo hukaa miezi miwili hadi mitatu. Kisha huanza kudondoka moja moja, shina lililoyabeba hukauka, na kinachobaki ni majani manne au matano mapana yanayokaa dirishani bila habari. Wapo wanaoitupa hapo hapo. Wapo wanaoitunza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, nayo inatoa jani jipya kila baada ya miezi kadhaa, lakini ua hawalioni. Mmea wa namna hiyo kwa kawaida hauumwi wala haujazeeka. Umekosa kitu kimoja kati ya viwili, na mara nyingi umekosa vyote: mwanga wa kutosha mwaka mzima, na wiki chache za mchana usio na joto kali.

Nazungumzia okidi ambayo jina lake la kitaalamu ni Phalaenopsis, ile yenye majani manene yaliyolala pande mbili na shina refu la maua linaloinama mbele, maua yake meupe, ya waridi, ya zambarau au ya manjano. Ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko okidi nyingine zote za ndani. Okidi za aina nyingine zitafaidika na mengi ya haya, ila viwango vya joto, mwanga na maji nitakavyotaja ni vya hii.

Inavyoishi kwao

Asili yake ni misitu ya Asia, kuanzia India na kusini mwa China hadi Ufilipino na Indonesia, kushuka mpaka kaskazini mwa Australia. Huko haioti ardhini. Hujishikiza kwenye mashina na matawi ya miti, mizizi ikiwa wazi hewani. Mvua ikinyesha inalowa chapachapa, ikikatika upepo unaikausha. Jua linaifikia likiwa limechujwa na majani ya miti mikubwa iliyo juu yake.

Ukiyashika hayo, nusu ya maswali yanajijibu. Haitaki udongo. Haitaki mizizi iliyolowa kutwa kucha. Jua la utosi linaiunguza, lakini kiza nacho kinainyima maua.

Ina tabia nyingine isiyoonekana kwa macho. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa. Hii hufungua usiku, ili isipoteze maji, kisha huihifadhi hewa hiyo mpaka jua lichomoze iitumie kujitengenezea chakula. Kwa hiyo inahitaji usiku wa giza la kweli sawa na inavyohitaji mchana wa mwanga. Pia ni mmea wa pole pole. Jani moja, mawili, kwa bahati nzuri matatu kwa mwaka, ndio mwendo wake. Asiyeweza kungoja atakuwa anaihamisha na kuibadilishia mambo kila wiki, na huko kuhamishwa ndiko kunakoichelewesha.

Hatua ya kwanza: kagua mizizi

Usiwaze maua kabla hujaiona mizizi. Okidi yenye mizizi iliyooza haina akiba ya kutengenezea shina la maua, na ikijitahidi kulitoa inaweza kufa nalo.

Mzizi mzima ni mgumu ukiuminya kwa vidole. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha, au nyeupe inayoelekea kijivu. Umwagie maji uutazame: ndani ya dakika moja au mbili ile fedha inafifia na mzizi mzima unageuka kijani. Kinachotokea ni kwamba mzizi umevikwa tabaka linalofyonza maji kama sponji, na tabaka hilo likijaa maji linapitisha mwanga, hivyo kijani cha ndani kinaonekana. Mabadiliko hayo ya rangi ni kipimo cha bure cha maji na nitayarudia mbele. Mzizi uliokufa una rangi ya kahawia, ni teketeke, na ukiuvuta ganda lake linachomoka na kubaki uzi mwembamba.

Tazama na majani. Majani yaliyolegea na kukunjamana humfanya mtu adhani mmea una kiu, akaongeza maji. Pengine ni kiu kweli. Lakini kama chungu kina unyevu na majani bado yamenyong'onyea, basi mizizi imeoza na maji hayana njia ya kupanda. Utoe mmea nje ya chungu siku hiyo hiyo.

Kuuhamisha si kazi kubwa. Loweka chungu kidogo ili mizizi ilainike, utoe mmea, utikise yale magome ya zamani, ukate kila mzizi uliokufa kwa wembe au mkasi uliofutwa kwa spiriti au kupitishwa motoni. Kama una okidi zaidi ya moja, upitishe wembe motoni kila unapotoka kwenye mmea mmoja kwenda mwingine. Virusi vya okidi husambazwa na utomvu ulioganda kwenye makali, na dawa ya kuviondoa haipo.

Cha kupandia ni vipande vya magome ya msonobari vya ukubwa wa sentimita moja hadi mbili, ukichanganya na mkaa kidogo uliovunjwavunjwa. Vipande vya makumbi ya nazi navyo vinafaa, ila viloweke na kuvisuuza mara kadhaa, maana huja na chumvi. Chungu kiwe cha kuitosha mizizi tu, chenye matundu mengi chini. Mimi napendelea cha plastiki angavu, kwa sababu kinaniruhusu kuiona rangi ya mizizi bila kugusa kitu. Panda ili jani la chini kabisa liwe usawa wa juu ya magome, lisifukiwe. Kisha ngoja siku tatu hadi tano kabla ya kumwagilia, vidonda vikauke.

Kazi hii ifanywe kila miaka miwili hivi, kabla magome hayajaoza yakawa tope, na wakati wake ni baada ya maua kwisha, mizizi mipya ikianza kuchungulia. Kama tayari kuna shina la maua linalokua, usiuguse mmea isipokuwa mizizi inaoza.

Kabla ya kuutarajia uchanue, mmea uwe na majani manne mazima, angalau matatu. Wenye majani mawili uache ukue kwanza.

Hatua ya pili: mwanga, mwaka mzima

Nikiulizwa sababu moja inayozuia maua kuliko zote, nitasema kiza. Jicho la mwanadamu linatudanganya hapa, kwa kuwa linajirekebisha. Unaingia sebuleni unaona pote pamejaa mwanga, kumbe hatua mbili kutoka dirishani kiasi cha mwanga kimeshuka kuwa sehemu ndogo tu ya kile kilichopo kwenye kioo. Okidi iliyowekwa juu ya meza katikati ya chumba kwa sababu inapendeza pale itaishi miaka mingi bila kutoa ua.

Majani yenyewe yanasema. Kijani kilichokolea sana, cha kung'aa, ambacho wengi hukisifu kuwa ni afya, ni dalili ya mwanga mdogo: mmea umeongeza rangi ya kijani ili uambulie chochote. Majani hayo mara nyingi huwa marefu, membamba na yananing'inia. Okidi iliyo tayari kuchanua ina majani ya kijani cha wastani, mafupi kiasi, yaliyokaza. Baadhi zikipata mwanga mzuri hupata wekundu hafifu kwenye kingo. Huo ni mpaka, usiuvuke. Majani yakianza kuwa ya manjano, au yakapata doa jeupe lililokauka upande unaotazama dirisha, jua limezidi.

Kipimo chepesi ni kivuli. Saa za mchana, mbingu ikiwa safi, weka kiganja sentimita thelathini juu ya majani, ukitazame kivuli chake. Kikiwa na kingo kali zilizokatika sawasawa, jua ni kali mno. Usipokiona kabisa, pana kiza. Unachotafuta ni kivuli hafifu chenye kingo zilizofifia, lakini bado unatambua kuwa ni kiganja. Mwenye programu ya kupima mwanga kwenye simu atafute laksi 10,000 hadi 15,000 wakati wa adhuhuri. Simu haipimi kwa usahihi, lakini itakuonyesha tofauti kati ya kona moja na nyingine, na tofauti hiyo kwa kawaida inashangaza. Gusa pia jani: likiwa na joto kuliko mkono wako, sogeza mmea nyuma.

Dirisha la mashariki ndilo bora, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole. La magharibi litafaa likiwa na pazia jepesi, maana jua la alasiri huja pamoja na joto la siku nzima. Anayeishi kaskazini, mbali na ikweta, atapata mwanga mwingi kwenye dirisha la kusini. Anayeishi kusini, kwenye la kaskazini. Walio karibu na ikweta wajue kwamba jua huhama upande kadiri mwaka unavyokwenda, hivyo dirisha lililokuwa salama miezi sita iliyopita linaweza kuanza kuunguza majani. Pazia jeupe linaloonyesha upande wa pili linatatua hilo.

Kama nyumba yako haina dirisha linalofaa, taa nyeupe ya LED inatosha kabisa. Itundike sentimita thelathini hivi juu ya majani, iwake saa kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku, na izimwe usiku bila kukosa. Kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima taa kwa saa maalumu kitakuondolea usumbufu.

Mmea uliozoea kiza usiuhamishie kwenye mwanga kwa siku moja. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Na ufute majani kwa kitambaa chenye unyevu mara moja kwa mwezi, kwa sababu vumbi ni pazia pia.

Hatua ya tatu: wiki za ubaridi

Baada ya miezi kadhaa ya mwanga mzuri, mmea una akiba. Sasa unahitaji kuambiwa kuwa wakati umefika, na ujumbe huo kwa Phalaenopsis ni joto kupungua.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba usiku uwe wa baridi kuliko mchana. Watu wakausikia, wakawa wanatoa chungu nje jioni na kukirudisha asubuhi kwenye chumba chenye joto kali, na maua hayakuja. Mwaka 2006, watafiti Matthew Blanchard na Erik Runkle wa Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani walichapisha jaribio lililoliweka wazi jambo hili. Waliziweka okidi za Phalaenopsis katika viwango mbalimbali vya joto la mchana na la usiku kwa wiki 20. Zilizokaa kwenye nyuzi 29 za Selisiasi mchana hazikutoa shina la maua hata moja, ijapokuwa baadhi yake usiku ziliteremshiwa hadi nyuzi 17. Zilizokaa kwenye nyuzi 20 au 23 mchana na usiku, bila tofauti yoyote, zilitoa mashina kwa asilimia 80 na zaidi. Kwa maneno mengine, joto la mchana ndilo linaloamua. Tofauti kati ya mchana na usiku haiwezi kuufuta mchana wenye joto kali.

Hii inaeleza kwa nini okidi mbili zinazofanana, moja kwenye nyumba yenye ubaridi na nyingine kwenye nyumba yenye joto, zinaachana kabisa. Pia inaeleza wakulima wakubwa wanachofanya: wanazikuza kwenye nyuzi 28 au zaidi ili zisichanue mapema, halafu wanapotaka maua wanateremsha hadi nyuzi 25 mchana na 20 usiku.

Kwa hiyo lengo lako ni mchana usiozidi nyuzi 25, usiku kati ya 17 na 20, kwa wiki nne hadi sita mfululizo. Zikifika nane hakuna ubaya. Usishuke chini ya 15 kwa makusudi. Ikifika 10 majani yanaweza kuharibika, na madoa yaliyobonyea hujitokeza baadaye, ukiwa umeshasahau ule usiku wa baridi.

Tafuta kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu kabisa na la chini kabisa, ukiweke pembeni ya majani kwa siku tatu kabla ya kuanza. Usitegemee utabiri wa hali ya hewa wala kipimo cha ukutani upande wa pili wa chumba. Dirishani penye jua, joto la saa nane mchana linaweza kuwa juu sana kuliko la chumba.

Penye msimu wa baridi, kazi ni nyepesi: joto la nje likianza kupungua, acha dirisha wazi, au usiwashe kipasha joto kwenye chumba hicho kwa mwezi na nusu. Penye joto mwaka mzima inabidi ufikiri zaidi. Lenga miezi yenye ubaridi kuliko mingine, uweke mmea kwenye chumba kinachopitisha upepo, upande usiopigwa na jua la alasiri. Kama kuna chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana, hicho ndicho chumba chake, ila usiuweke kwenye mkondo wa hewa yake, na mwanga wa dirisha usipotosha uongeze taa. Kiyoyozi kinachowashwa usiku tu, wakati mchana chumba kinapanda nyuzi 30, hakitaleta maua, na sababu umeshaiona.

Katika wiki hizi mwanga usipungue. Ubaridi wa kizani hauzai shina. Maji yatapungua yenyewe kwa kuwa magome yanachelewa kukauka. Fuata rangi ya mizizi. Kuna wanaoshauri mmea unyimwe maji kwa makusudi ili uogope na kuchanua. Sikubaliani nao. Mmea wenye kiu hutoa shina fupi lenye maua machache, na unakula akiba ya majani yake ya chini.

Mzizi au shina la maua?

Kati ya mwezi mmoja na miwili tangu ubaridi uanze, kitu kitachomoza kati ya majani, kwa kawaida kwenye kikwapa cha jani la pili au la tatu kutoka juu. Siku za mwanzo ni kidogo kama punje na ni rahisi kukosea.

Kikaribie kwa tochi. Mzizi mpya una ncha ya mviringo, laini, inayong'aa, ya kijani au yenye wekundu, na baada ya wiki moja sehemu ya nyuma ya ncha inaanza kuvaa ile rangi ya fedha. Shina la maua lina ncha iliyobapa kidogo, yenye mkato upande mmoja, mahali ambapo kigamba kimoja kimefunika kingine. Halivai fedha, hubaki kijani au zambarau iliyokolea. Mzizi unaweza kuelekea popote, hata chini, lakini shina huinuka na kuufuata mwanga. Ukishindwa kutambua, ngoja siku kumi. Usilikwangue ili uhakikishe.

Maji na mbolea kwa kifupi

Mwagilia asubuhi, mizizi ikiwa imegeuka fedha na chungu kikiwa chepesi mkononi. Njia nzuri ni kukidumbukiza chungu kwenye ndoo ya maji yasiyo baridi kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha kukiacha kichuruzike kabisa. Kwenye magome, wakati wa joto hiyo itakuwa kila siku tano hadi saba. Wakati wa ubaridi inaweza kufika kumi na zaidi. Usimwagilie kwa kalenda. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote. Maji yenye chokaa nyingi huacha ukoko mweupe juu ya magome, na ukiuona suuza chungu kwa maji mengi safi.

Jihadhari na maji yanayotuama katikati, pale majani yanapokutana. Okidi hii hukua kutoka ncha moja tu. Ncha ikioza, jani jipya halitatoka tena hapo. Yanyonye kwa karatasi ya shashi.

Mbolea ya kawaida yenye uwiano, kama NPK 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), inatosha. Changanya robo ya kipimo kilichoandikwa, uipe mara moja kwa wiki mizizi ikiwa na unyevu, na mara moja kwa mwezi badala ya mbolea upitishe maji matupu mengi ili kuondoa chumvi. Mbolea zinazouzwa kwa ahadi ya kuleta maua, zenye fosforasi nyingi, hazichukui nafasi ya mwanga wala ubaridi. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningenunua taa.

Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hadi 70 inaipendeza. Kunyunyizia majani hakusaidii sana, maana maji hayo hukauka upesi, na yakibaki kwenye vikwapa huleta ukungu. Sinia yenye kokoto na maji kidogo chini ya chungu, kitako kisiguse maji, ni afadhali. Feni ndogo inayozungusha hewa polepole chumbani inazuia magonjwa mengi.

Kutoka shina hadi ua

Shina likishaonekana, hesabu miezi miwili hadi minne mpaka ua la kwanza. Ni wakati wa kufurahi na wa kutofanya mengi.

Weka alama kwenye chungu upande unaotazama dirisha, na usikizungushe tena. Matumba hujipanga kwa kufuata mwanga. Ukikigeuza kila siku, shina linajisokota na maua yatatazama kila upande. Shina likifika sentimita ishirini hivi, chomeka kijiti pembeni, kwa uangalifu usitoboe mizizi, ulifunge kwa klipu au uzi laini kwa kulegeza. Funga chini ya pingili, na acha ncha iwe huru iiname yenyewe. Kulikunja shina kwa nguvu ni kulivunja, hasa asubuhi likiwa limejaa maji, kwa hiyo ukitaka kulirekebisha fanya jioni, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa.

Msiba wa kipindi hiki ni matumba kugeuka ya manjano, kusinyaa na kudondoka kabla hayajafunguka. Mara nyingi chanzo kimo chumbani. Matunda yanayoiva, hasa ndizi na tufaha, hutoa gesi ya ethilini, na kiasi kidogo sana cha gesi hiyo kinatosha kuangusha matumba. Moshi na jiko la gesi lisilowaka vizuri vina madhara hayo hayo. Kwa hiyo mmea wenye matumba usikae jikoni wala karibu na bakuli la matunda. Chanzo kingine ni mabadiliko ya ghafla: kuhamishwa chumba, upepo wa baridi wa dirisha, hewa kavu ya kipasha joto, au kiu. Acha mmea pale pale mpaka maua mawili matatu yafunguke, kisha ndipo uupeleke unapotaka upendeze, mbali na jua kali. Penye ubaridi maua yatadumu zaidi.

Kagua wadudu kila wiki. Vidung'ata, wale weupe wanaofanana na pamba, hupenda kujificha chini ya vigamba vya shina la maua na nyuma ya matumba. Wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, urudie baada ya siku saba kwa kuwa mayai hubaki. Matone madogo matamu, angavu, kwenye shina au nyuma ya matumba mara nyingi hutolewa na mmea wenyewe, lakini ukiyaona pekua uhakikishe hakuna mdudu.

Maua yakiisha

Ua la mwisho likidondoka, tazama shina. Likiwa limekauka na kuwa la kahawia, likate karibu na kitako. Likiwa bado la kijani una njia mbili, na uamuzi ni wa majani. Mmea wenye majani matano au zaidi, yaliyokaza, na mizizi mingi, unaweza kukatwa sentimita moja juu ya pingili ya pili au ya tatu kutoka chini. Mara nyingi tawi jipya hutoka kwenye pingili hiyo, na baada ya miezi miwili hadi mitatu unapata maua tena, ingawa machache na madogo kuliko ya kwanza. Mmea wenye majani matatu au yaliyolegea, likate shina lote, upumzike. Mimi huchagua kukata lote hata kwa mimea mizuri iliyochanua kwa muda mrefu, kwa sababu nataka shina kubwa mwaka unaofuata.

Kisha rudi kwenye mwanga na mbolea hafifu. Jani jipya lililokomaa, kubwa kama lililotangulia au kulizidi, ndilo linalokuambia kwamba mmea umejijenga upya na unaweza kupelekwa kwenye ubaridi mwingine. Jani jipya likiwa dogo kuliko la zamani, mwanga haujatosha au mizizi ina shida, rekebisha kwanza.

Mara chache, kwenye pingili ya shina la zamani huchipuka mmea mdogo wenye majani yake badala ya maua. Hutokea zaidi penye joto. Uache hapo hapo, uulowanishe kidogo mara kwa mara, mpaka uwe na mizizi miwili au mitatu yenye urefu wa sentimita tano hadi saba. Ndipo uukate pamoja na kipande cha shina pande zote mbili, uupande kwenye chungu kidogo chenye magome ya vipande vidogo kuliko ya mama yake. Upe miaka miwili au mitatu ya mwanga mzuri, ufikishe majani manne, kabla ya kuupeleka kwenye ubaridi wake wa kwanza.